Kanuni Inamfaa Nani?

Mwaka huu nimetimiza miaka 74, na katika umri huo nimejifunza kucheza karata za kamari. Nayasema haya mapema ili msomaji anayetaka kukifunga kitabu akifunge hapa hapa. Kasino sijaingia hata siku moja, wala sitaingia. Nilijifunza barazani kwangu, juu ya mkeka, na aliyenifundisha ni mtu ambaye zamani nilimchapa fimbo sita kwa kosa la kushika karata.

Ilikuwa mwaka 1982. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kijana bado, na chuo cha ualimu kilikuwa kimenijaza imani kwamba shule ni kanuni na mwalimu ni mlinzi wa kanuni. Siku moja niliwakuta wavulana watano wa darasa la sita nyuma ya ghala la shule. Walikuwa wakicheza lasti kadi, na dau lao lilikuwa karanga. Nilizichoma karata zile mstarini mbele ya shule nzima, kisha nikawachapa wote watano. Sikuwauliza swali lolote. Mmoja wao alikuwa bingwa wa hesabu katika darasa lake, na nakumbuka nilimwongezea maneno makali zaidi kwa sababu hiyo.

Kijana huyo naye akawa mwalimu. Mwaka 2024 alistaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, akapata kiinua mgongo chake. Mwaka uliofuata alinijia nyumbani jioni moja, amekonda.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mbona hivyo?"

"Mwalimu, nimeliwa."

Alikuwa ameliwa shilingi milioni 8 katika kasino moja ya Dar es Salaam, kwenye meza ya mchezo wa ishirini na moja, ule ambao wenyewe huuita blakijeki. Fedha hizo zilikuwa za bati na milango ya nyumba ambayo kuta zake zimesimama tangu mwaka 2016. Mkewe alikuwa hajui. Jambo lililonitia uchungu zaidi ni maelezo yake mwenyewe juu ya hasara hiyo. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu wa ukoo aliyemwonea wivu kwa kile kiinua mgongo, na kwamba bila shaka amefanyiwa jambo. Siku za mwanzo alikuwa akishinda, ndipo ghafla mkono ukawa mzito. Alikuwa anatafuta mganga wa kumwondolea mkosi.

Nikamtuma mjukuu dukani akanunue jozi ya karata. Nikamwambia yule mwalimu mwenzangu, "Kabla hujaenda kwa mganga, hebu nifundishe mchezo wenyewe."

Alinifundisha kwa dakika tano. Kila karata kuanzia 2 hadi 10 ina thamani ya namba yake. Zile zenye sura za watu, yaani mfalme, malkia na ghulamu, kila moja ni 10. Ree, ambayo wengine huiita esi, ni 1 au 11, kadiri itakavyokufaa. Uru, kopa, pao na shupaza hazina tofauti. Unaweka dau lako, unapewa karata mbili, na mgawaji wa kasino naye anachukua mbili, moja ikiwa wazi na moja imefunikwa. Shabaha ni kumpita mgawaji bila kuvuka 21. Unaweza kuomba karata nyingine au kusimama ulipo. Ukivuka 21 umekwisha. Ukiwa umesimama, mgawaji anafunua karata yake. Akiwa na 16 au chini ya hapo lazima aongeze, na akifika 17 lazima asimame. Mkilingana, unarudishiwa dau lako. Ree pamoja na karata ya 10 katika zile mbili za kwanza ndiyo blakijeki yenyewe, nayo hulipwa zaidi.

"Basi?" nikamwuliza.

"Basi, Mwalimu. Ni mchezo rahisi."

Ndugu msomaji, neno hilo "rahisi" ndilo ninalolipiga vita katika kurasa hizi. Alikuwa amejifunza kanuni zote kutoka katika kikaratasi alichopewa mlangoni. Kila kilichoandikwa humo kilikuwa cha kweli, na bado kikaratasi kile kilimnyang'anya nyumba. Kwa maana kujua kanuni inasemaje ni nusu tu ya kuijua. Nusu ya pili ni kuuliza: kanuni hii inamfaa nani?

Tuianze kanuni ile isiyotazamwa na mtu, ya nani anatangulia. Mchezaji anatangulia, mgawaji anafuata. Inaonekana kama adabu, mgeni kutangulizwa. Lakini mchezaji akivuka 21, dau lake linachukuliwa papo hapo. Mgawaji naye akija kuvuka baadaye, dau halirudi. Wote wawili wameanguka, lakini anayelipa ni mmoja. Shimo liko hapo, na meza nzima imejengwa juu ya shimo hilo.

Nilimwuliza mwanafunzi wangu alikuwa akiamua vipi lini aongeze na lini asimame. Akajibu bila kusita: "Nilimwiga mgawaji. Nikiwa na 16 naongeza, nikiwa na 17 nasimama. Yeye ndiye aliyekuwa akishinda, nikaona njia yake ndiyo njia."

Nilinyamaza kidogo niliposikia hayo. Kumwiga aliye mbele ya darasa ndilo somo tulilomfundisha kwa miaka saba, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomfundisha.

Nikachukua daftari. Mgawaji anayefuata kanuni hiyo huvuka 21 karibu mara 28 katika kila duru 100. Anayemwiga naye atavuka karibu mara 28. Je, ni mara ngapi watavuka wote wawili? Zidisha 28 kwa 28, kisha gawanya kwa 100, unapata karibu 8. Kwa hiyo katika duru 100 kuna 8 hivi ambazo wote wawili wameanguka na kasino imechukua dau. Katika mambo mengine yote wamelingana. Kasino inarudisha sehemu kidogo kwa kulipa zaidi ile blakijeki, na sehemu hiyo ni kama 2 na nusu katika 100. Kinachobaki ni asilimia 5 na nusu ya kila shilingi inayowekwa mezani.

Atakayeona asilimia 5 na nusu ni kidogo akumbuke kwamba haba na haba hujaza kibaba. Nilimwomba anitajie mazoea yake. Dau lake lilikuwa shilingi 10,000. Alikadiria duru 60 kwa saa, saa tatu kwa usiku, siku nne kwa wiki, kwa miezi mitano, yaani kama usiku 80. Duru 60 za shilingi 10,000 ni shilingi 600,000 kwa saa. Usiku 80 wa saa tatu tatu ni saa 240. Zidisha, ndugu msomaji, kama nilivyozidisha mimi: zimepita mezani shilingi milioni 144. Mtu huyu hajawahi kuwa na milioni 144 maishani mwake. Noti zake zilezile zilikuwa zikienda na kurudi, zikienda na kurudi, na kila safari zilikatwa kipande. Asilimia 5 na nusu ya milioni 144 ni shilingi milioni 7 na laki 9 na 20,000.

Alikuwa amepoteza milioni 8.

Kweli bahati hupanda na kushuka, na mwingine angeweza kupoteza zaidi au pungufu ya hapo. Lakini nilimgeuzia daftari nikamwambia, "Mwanangu, hakuna aliyekuroga. Umelipa bei iliyoandikwa mezani tangu siku ya kwanza, ila hukuisoma." Alilitazama daftari kwa muda mrefu. Nadhani ingekuwa nafuu kwake kama angekuwa amerogwa.

Sikuishia hapo. Aliniambia kwamba mgawaji anapokuwa na ree wazi, mchezaji huulizwa kama anataka bima. Naye aliichukua kila mara, maana mtumishi wa umma aliyelelewa kuamini kwamba bima ni busara ataikataaje? Nikamwambia atoe ree katika jozi, zibaki karata 51. Katika hizo, karata zenye thamani ya 10 ni 16, na 35 sizo. Bima hulipa mara mbili ya ulichoweka, iwapo karata iliyofunikwa ni ya 10. Weka shilingi 1,000 mara 51: mara 16 utapata 2,000, jumla 32,000, mara 35 utapoteza 1,000, jumla 35,000. Umepungukiwa shilingi 3,000. Hiyo ni kamari ya pili ndani ya kamari ya kwanza, imevishwa joho la neno jema. Anayetaka kujua jinsi lugha inavyoweza kumwibia mtu asisome vitabu vya siasa. Aitazame bima ya meza ya karata.

Kisha malipo ya blakijeki yenyewe. Kwa desturi ya zamani hulipwa 3 kwa 2, yaani dau la shilingi 10,000 linaleta 15,000. Huko Las Vegas, kitovu cha biashara hii, meza nyingi za leo hulipa 6 kwa 5, yaani 12,000 tu. Kwa kuwa blakijeki huja karibu mara moja katika kila duru 21, badiliko hilo peke yake linamwongezea mwenye meza kama asilimia 1 na nusu hivi ya kila dau. Nikamwuliza, "Meza yako ililipa ipi?" Akaniangalia. "Sikuwahi kuuliza, Mwalimu." Miezi mitano!

Sasa utaniuliza kama kuna anayeshinda. Nitakujibu kwa historia, maana ina funzo. Mwaka 1956 Wamarekani wanne waliokutana jeshini, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walichapisha katika jarida la wanatakwimu wa nchi yao hesabu ya namna bora ya kucheza. Walikuwa wameipiga kwa mashine za kawaida za mezani. Walionyesha kwamba kumwiga mgawaji ni upotofu. Ukiwa na 16 na mgawaji anaonyesha 6, simama, maana yeye ndiye aliye hatarini. Akionyesha 10, ongeza ingawa unaogopa. Ukiwa na 11 mbele ya 6 yake, ongeza dau mara mbili. Nane mbili zitenganishe. Anayefuata njia hiyo yote kwenye meza yenye masharti mazuri hupunguza makato hadi karibu nusu ya asilimia 1. Kwa mwanafunzi wangu ingekuwa kama shilingi laki 7 badala ya milioni 8. Lakini msomaji asikosee: hata hapo ni kupoteza. Ni kupoteza polepole.

Mwaka 1962 mwalimu wa hesabu, Edward Thorp, akatoa kitabu kiitwacho Beat the Dealer, akaonyesha kwamba mwenye kukumbuka karata zilizokwisha toka anaweza kuipindua hesabu ikawa upande wake. Kasino zilifanyaje? Mwaka 1964 zile za Las Vegas zilibadilisha kanuni, kisha zikazirudisha haraka wateja walipokimbia. Baadaye zikazidisha idadi ya jozi zinazochanganywa pamoja, zikawa sita, hata nane, ili kumbukumbu ishindwe. Na mwenye kuhesabu karata akigundulika, huonyeshwa mlango. Huko New Jersey ilibidi mchezaji aitwaye Ken Uston aende mahakamani, na mwaka 1982 Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba kasino haina mamlaka ya kumfukuza mtu kwa kosa hilo kwa uamuzi wake yenyewe.

Hebu fikiri. Hakuibia, hakuficha karata katika mkono wa shati. Alitumia kichwa chake. Ni biashara gani nyingine inayomfukuza mteja kwa sababu amejifunza vizuri kanuni za duka? Wahenga wamesema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani. Mwenye meza hamwogopi mwenye bahati. Humkaribisha na kumpa kinywaji. Anamwogopa anayeuliza.

Najua lawama zinazokuja. Sheikh wa mtaani kwetu atasema Qurani imeikataza kamari kwa jina, na mchungaji naye atasema lake. Siwapingi. Mimi mwenyewe nimekwisha sema siingii humo. Lakini nawauliza: mwanafunzi wangu alikuwa hajui kwamba ni haramu? Alilijua hilo tangu utotoni, na alilisikia tena kutoka kwangu pamoja na fimbo sita. Katazo lilikuwepo. Kilichokosekana ni hesabu. Katazo lisilo na maelezo ni mlango uliofungwa kwa kamba: siku mtu akipata kisu, amepita.

Wengine watasema kumweleza kijana kanuni za kamari ni kumfundisha kamari. Nimeyasikia maneno haya zamani, kwa jambo jingine. UKIMWI ulipoingia, wazazi walituambia walimu tunyamaze, ati kuwaeleza watoto ni kuwafundisha uasherati. Tulinyamaza kwa muda. Tulizika wengi waliosoma mikononi mwetu. Sitaki tena kushauriwa ninyamaze.

Na wapo wa upande wa pili, wanaoandika kwenye matangazo kwamba tucheze kwa kiasi. Hao ndio wanaonikera zaidi. Kiasi ni nini kwa mtu asiyeonyeshwa bei? Muuza nyama hunipa kilo na bei ya kilo. Sijaona tangazo lililoandika kwamba ukicheza kwa kumwiga mgawaji tutakukata shilingi 550 katika kila 10,000. Waandike hivyo, kisha ndipo waniambie habari za kiasi. Na Serikali, ambayo ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi ya kuisimamia, na ambayo hupata kodi yake humo, nayo inadaiwa somo. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Vema. Lakini siku anapotimiza 18 mlango unafunguliwa, na siku hizi mlango wenyewe umo mfukoni, ndani ya simu, naye hajapewa hata kipindi kimoja cha kumwonyesha makato.

Somo ninalodai ni dogo. Lifundishwe katika vyuo vya ualimu kwanza, kisha sekondari, ndani ya somo la hesabu ambalo lipo tayari. Jozi moja ya karata, ubao na chaki. Wanafunzi wahesabu karata za 10 zilizobaki ree inapotolewa. Wapige duru 100 kwa mbegu za mahindi, waandike ni mara ngapi wote wawili wamevuka na nani amechukua mbegu. Mwishoni mwa kipindi mwalimu asihubiri. Aulize tu: kanuni hii inamfaa nani? Kijana atakayezoea swali hilo hataliacha mezani kwa karata. Atalipeleka kwenye mkataba wa mkopo, kwenye mikataba ya wakulima, kwenye risiti, na kwenye sheria ndogo za kijiji chake.

Usiku ule hatukulala mapema. Kabla ya kuondoka alinakili hesabu yote kwa mwandiko wake wa ubaoni, akasema ataipeleka kwa mkewe, maana sasa ana la kumweleza. Pale mlangoni akageuka, akaniuliza kwa upole, kama anayeogopa kunivunjia heshima: "Mwalimu, zile fimbo sita zilikuwa za nini?"

Katika miaka yote niliyomfahamu, ile ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza sababu ya kanuni. Nilimjibu kweli. Nilimwambia zilikuwa za uvivu wangu, maana kuchoma karata kulikuwa kazi rahisi kuliko kukaa nao nyuma ya ghala na kuwaonyesha kilichomo ndani yake. Jozi tuliyoinunua siku ile ninayo bado. Mjukuu wangu yuko kidato cha pili, na Jumamosi hii tunaanza.